Kichaka Kimoja cha Manjano

Siku ya soko pale Kapkatet mvua ilishuka bila kubisha hodi, na Kepher, fundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai, akakimbilia kibanda cha Chelimo. Chelimo aliuza maua ya plastiki ya harusi. Akiwa na sweta jekundu na gambuti miguuni, alimwambia mgeni kwamba kujikinga ni bure ila kulowesha maua kunalipiwa. Mvua ilipokatika walikuwa wamepeana namba, na tangu hapo wakawa watu wa simu ndefu.

Jumamosi moja Kepher alifika kibandani na shati lililopigwa pasi, mkononi fungu la alizeti mwitu, yale maua ya manjano yanayojiotea ovyo kando ya barabara. Wateja walikuwepo. Chelimo aliona aibu, akaificha kwa mzaha.

"Kepher, si hiyo ni chakula ya mbuzi?"

Wateja wakaangua kicheko. Kepher aliyaweka maua mezani, akaaga kwa adabu, akaondoka. Kuanzia hapo hakushika simu.

Chelimo aliumia, wala hakujidanganya kwamba haumii. Maua yenyewe aliyatia kwenye kopo la maji, na kwa kushinda nayo akaanza kuyaona. Plastiki yote kibandani ilionekana imechoka. Kumbe uzuri huo ulijaa njia nzima ya kwenda kiwandani Mogogosiek, naye maisha yake yote alikuwa akiupita tu.

Akapanda boda kumfuata Kepher kazini. Karibu na geti la kiwanda akakuta vijana wakifyeka kando ya barabara, kimebaki kichaka kimoja cha alizeti mwitu. Akashuka, akasimama mbele yake.

"Madam, hii ni magugu tu," msimamizi akamwambia.

"Najua. Wacheni hii moja. Ni yangu."

Walibishana naye, wakachoka, wakaenda zao.

Zamu ilipokwisha, Kepher alitoka na ovaroli yenye mafuta. Kando ya barabara pale getini palikuwa pamenyolewa pote isipokuwa kichaka kimoja cha manjano, na Chelimo kando yake, gambuti zimejaa matope.

"Nilikucheka mbele ya watu," Chelimo akasema. "Nilikosa. Nisamehe, mpenzi."

Kepher alikitazama kichaka. "Na mbuzi watakula nini?"

"Watafute yao."

Hapo Kepher akacheka, akachuma ua moja, akamchomekea kwenye nywele.

"Siku ya harusi yetu," akasema, "plastiki ibaki kwa kibanda."

Moyo wa Chelimo ulijaa, lakini alikuwa mfanyabiashara.

"Sawa. Ila kichaka moja haitoshi. Kesho nitarudi kuwasimamisha hao vijana kabla hawajafyeka huko mbele."