Zamu ya Mtoto wa Karani

Kwa siku ya tatu mfululizo, Arielle alitembea na mama yake kutoka mtaa wao wa Panda hadi ofisi ya hati za kuzaliwa. Mlangoni waliachana. Mama yake, Mama Suzanne, aliyekuwa karani hapo, alikwenda kukaa kwenye dirisha la huduma. Arielle akachukua kikaratasi chenye namba thelathini na nane, akajipanga mstarini. Alikuwa darasa la sita, na bila hati asingeandikishwa kwa mtihani wa mwisho. Siku zile mbili za kwanza ofisi ilifungwa kabla hajafikiwa. Leo saa kumi jioni mwalimu angefunga orodha.

Ukutani palibandikwa kanuni mpya za watumishi: kila mtu kwa zamu yake, na karani asimhudumie ndugu yake, amwachie mwenzake. Watu walizisoma wakaguna tu. Karatasi za namna hiyo walishaziona nyingi, na wenye jamaa ndani bado walipitia mlango wa pembeni.

Kufika saa sita, miguu yake ilikuwa inawaka moto. Arielle alizungukia mlango wa pembeni, akamnong'oneza mama yake.

"Mama, miye nimechoka. Unifanyie tu."

Mama aliinua macho mekundu kwa uchovu. "Weye iko na namba gani?"

"Trente-huit."

"Tuko ku vingt, ishirini tu. Rudia ku mustari, mutoto wangu."

Watu wote waliona. Arielle alirudi akageukia ukuta, machozi yakimtoka kwa aibu.

Haukupita muda, mkuu wa ofisi, Bwana Jean-Claude, aliingia na mpwa wake, akaweka fomu ya binti huyo mbele ya Mama Suzanne na kumwambia aimalize upesi. Mama aliweka kalamu chini.

"Chef, kanuni iko na sahihi yenu," alisema polepole. "Na mutoto wangu mwenyewe iko mu mustari."

Mkuu alimtazama Arielle, ambaye mashavu yake yalikuwa bado mabichi kwa machozi. Kisha akaichukua fomu, akampa mpwa wake kikaratasi namba hamsini na mbili.

Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena mlango wa pembeni, na mstari ukaanza kusogea upesi. Mama na mwenzake, Mzee Gaston, hawakutoka kula. Saa tisa na nusu Mzee Gaston aliita thelathini na nane. Macho yake yalikuwa dhaifu, akaandika herufi moja moja, akapiga mhuri. Arielle alikimbia hadi shuleni, akamkuta mwalimu na orodha mkononi, bado haijafungwa.

Jioni, wakirudi Panda, mama alitembea akiwa amevua viatu. Arielle alimuuliza kama hakuogopa kufukuzwa kazi.

"Niliogopa sana," mama alisema. "Lakini ile karatasi ya ukutani haitumiki yenyewe. Inatumika kama sisi wa ndani tunakubali ituumize kwanza, sisi na watoto wetu. Pale ndipo naweza kumuomba mwingine aifuate."

Arielle alimpokea mkoba, wakaendelea na njia taratibu.