Moto Usiochemsha Maji

Birika lilikuwa motoni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ilipofika saa mbili maji yalikuwa hayajapata hata joto la kuoshea uso. Dorka aliinama akautazama moto. Ulikuwa wa buluu, umesimama sawasawa kuizunguka plate, unavuma taratibu. Akafungua kifuniko akachovya kidole, kisha mkono mzima hadi kwenye kifundo. Maji yalikuwa baridi kuliko alivyoyamimina.

"Hujalizoea jiko hili tu," alisema mumewe, Ogola, akivaa viatu. "Wewe ni mtu wa kuni."

"Baba Esta, moto ni moto."

"Basi nitamleta fundi."

Lilikuwa jiko jipya la plate mbili, la kwanza la gesi katika mstari wote wa nyumba za wafanyakazi wa hoteli, karibu na lango la Ikoma la hifadhi. Ogola alikuwa mtunza ghala wa hoteli na katibu wa tawi la chama pale kazini. Nafasi zote mbili alizipata Septemba ya mwaka huo wa 1974, baada ya watu wa bonde lililo chini ya Gorong'a, kule Tarime, kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Wengi walibisha. Yeye aliwatangulia wote kuandikisha ukoo wake, akasifiwa mkutanoni kuwa mfano. Hoteli ilipoletewa majiko makubwa, hili dogo lilibaki ndani ya sanduku, wakubwa wakasema apewe Ndugu Ogola. Alilibeba begani mwenyewe, na majirani wakampigia makofi.

Dorka hakuuona uhamisho ule. Mwezi wa Agosti alikuwa kwao Shirati, amekwenda kujifungua. Nyumbani alikuwa amemwacha mama mkwe wake, Aoko, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Aliporudi na mtoto mgongoni, Ogola alimpokea stendi ya Tarime akamleta moja kwa moja Ikoma. "Mama amevuka mpaka," alimwambia njiani. "Yuko kwa dada yake, Migori. Anakusalimu sana." Dorka alisikitika kwamba hawakuagana. Alimpenda yule mama. Kwa miaka mitatu alikuwa ameota naye moto mmoja.

Fundi Benedicto alikuja Jumatano. Alikuwa mtu mnene wa Musoma, mpenda mizaha.

"Shemeji, jiko limekukosea nini?"

"Haliivishi kitu."

"Labda linaona aibu. Jiko la Katibu haliwezi kuchemka kabla ya kikao."

Dorka alicheka. Fundi akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, asione hata kiputo kimoja. Akabadilisha kichwa cha mtungi. Akafungua plate, akazibua matundu yake kwa waya mwembamba, akapuliza, akafunga. Akaleta mtungi mwingine kutoka jiko kuu la hoteli. Kila mara moto uliwaka vizuri, na kila mara maji yalikaa kimya. Mwishowe akapitisha kiganja juu ya moto, haraka, kama mafundi wafanyavyo. Akakipitisha tena polepole. Kisha akakiacha palepale. Ndimi za buluu zilipenya katikati ya vidole vyake, na vinyweleo vya mkono wake havikuungua.

Mizaha ikamwisha.

"Shemeji, kuna mtu anachoma nyasi huko nyuma?"

"Hapana."

"Nasikia harufu ya paa la nyasi. Paa la zamani, lenye masizi."

Dorka alikuwa akiisikia tangu Jumatatu, na alikuwa amejiambia ni mapori yanayochomwa upande wa hifadhi, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha kila siku.

Fundi alilibeba jiko pamoja na mtungi hadi kwenye kibaraza cha jirani, Waisiko. Pale maji yakachemka kwa dakika sita. Akalirudisha ndani kwa Dorka na kuliwasha. Maji yaleyale yakatulia na mvuke ukakatika, kama mtu aliyeambiwa anyamaze.

"Jiko ni zima," alisema, akikusanya spana zake bila kumtazama. "Mimi ni fundi wa gesi, shemeji. Nyumba siijui."

Tangu siku ile ubaridi ulianza kutoka jikoni na kuingia vyumbani. Chai iliyochemshwa kwa Waisiko ilipoa ikivuka kizingiti. Dorka angeacha kabisa kuliwasha lile jiko, lakini Ogola hakukubali. Hakutaka isemwe kwamba zawadi ya Katibu imeshindikana. Na kila lilipowashwa, Esta, mtoto wa miezi mitatu, alilia kilio cha kukaza mwili, na nyayo zake zikawa kama mawe ya mtoni. Kwenye zahanati ya Mugumu mhudumu alikitazama kipimajoto mara mbili, akauliza mtoto amekaa mvuani muda gani.

"Hajakaa mvuani."

"Basi mtie joto, mama. Akiendelea kushuka hivi, wiki haimalizi."

Dorka alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, na hapo, akiwa ameketi kimya mchana kutwa, ndipo alipoanza kusikia kilichokuwa chini ya mvumo wa moto. Kwanza kikohozi kikavu cha mtu mzima aliyevuta moshi. Kisha viganja. Vilikuwa vikipapasa ukuta wa jikoni, chini chini, kwa subira, vikisogea hatua moja, vikasimama, vikaanza tena, kama vya mtu anayetafuta mahali anapopajua.

"Mtoto apewe jina la ukoo," alimwambia Ogola.

Kwa Wajaluo, mtoto anayelia pasipo ugonjwa hutafutiwa mwenyewe. Hutajwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze kwa jina la yule aliyemjia. Ogola aliweka kijiko chini.

"Sitaki kuyasikia hayo ndani ya nyumba hii. Tumembatiza. Inatosha."

Akainuka akaacha chakula nusu. Dorka alidhani ni hasira.

Siku ya kumi na moja tangu jiko liwashwe, alasiri, mvua ilifunga pande zote na mtoto alikuwa amelia tangu alfajiri. Waisiko, mke wa askari wa hifadhi, aliingia akiwa amejitanda gunia kichwani.

"Tata we! Kwenu mnafanyaje mtoto akilia hivi?"

"Tunataja majina. Baba yake amekataa."

"Kwani baba yake ndiye anayelia?"

Dorka akaketi kwenye mkeka, akampakata mtoto, akaanza. "Ni wewe, Nyadera?" Huyo alikuwa bibi yake Ogola. Mtoto akalia. "Ni wewe, Abich? Ni wewe, Nyangweso, uliyekufa kisimani?" Aliwataja wote aliowahi kuwasikia wakitajwa, mashangazi na wake wa mababu, hadi sauti ikamkauka, na mtoto akazidi kulia, sasa kwa sauti ndogo kama ya paka.

"Simjui mwingine," alisema, machozi yakimtoka. "Laiti Mama Aoko angekuwa hapa. Yeye angejua."

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza katikati ya kilio, mdomo ukiwa bado wazi. Ilibaki mvua tu juu ya bati. Dorka alishika nyayo zake. Zilikuwa na joto. Na kule jikoni birika likaanza kuchemka, kifuniko kikarukaruka, maji yakamwagika.

"Huyo Aoko ni nani?" Waisiko alinong'ona.

"Mama mkwe wangu."

"Alikufa lini?"

"Hajafa. Yuko Migori."

Waisiko alimtazama mtoto, kisha mlango wa jikoni. "Mama Esta," alisema taratibu, "nani alikuambia yuko Migori?"

Ogola aliporudi jioni, Waisiko alikuwa ameshatoka. Dorka hakusimama kumpokea.

"Mtoto amepata jina."

"Jina gani?"

"La mama yako."

Ogola aliketi chini palepale mlangoni, na maji ya mvua yakimtiririka. Alisema kwa sauti ya chini, bila kuinua uso, kwamba alimbembeleza mama yake wiki tatu ahame naye akakataa, na kwamba kila asubuhi alimfungia mlango kwa nje kama Dorka mwenyewe alivyokuwa akifanya, asije akapotelea mtoni, na siku ile viongozi walipofika na wanamgambo, na orodha mkononi, wakamuuliza mbele ya mkutano mzima kama kwenye nyumba ile kuna mtu, yeye ambaye ndiye mfano, aliona aibu kwamba aliyekataa ni mama yake mzazi, akasema hakuna mtu, amekwisha kuvuka, akijua kwamba mapaa yataondolewa kesho yake na kwamba jioni ile angekwenda kumtoa akimbeba mgongoni, lakini upepo ulikuwa mzuri na wanamgambo wakaanza kuchoma adhuhuri ileile, naye alisimama kati ya watu, na kila dakika angeweza kupiga kelele, na kila dakika alijiambia kwamba sasa imeshachelewa.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya wenzake akaogopa aibu anaweza kuelewa jinsi neno la kwanza lilivyomtoka. Dorka pia angeweza, pengine, siku nyingine. Dakika zilizofuata ndizo ambazo hakujua aziweke wapi, na miezi mitatu iliyofuata, na salamu zile za kutoka Migori, ambazo alikuwa akizijibu.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

 Jikoni moto ulijiwasha, viganja vikaanza ukutani, sasa juu zaidi, karibu na fremu ya mlango, na sauti ya bibi mzee, kavu, isiyo na hasira hata kidogo, ikasema, "Ogola, wuoda, yawna dhoot." Mwanangu, nifungulie mlango.

Dorka alikuwa tayari amesimama. "Nani alimlilia?" aliuliza. "Nani alipiga yowe la msiba wake?"

"Hakuna aliyejua."

"Basi anajulikana leo."

Ogola alimshika kanga. "Dorka. Ukipiga yowe nimekwisha. Watanifunga. Mtoto mwenyewe ameshapona, si unaona?" Na aliposema hivyo Dorka alisikia nyayo za mtoto, juu ya tumbo lake, zikirudi kuwa mawe.

Alitoka mvuani akapiga yowe. Alilipiga kama kwao linavyopigwa, refu, mkono mmoja kichwani, na milango yote ya mstari ikafunguka. Watu wakaja na magunia vichwani, na taa za chemli. Fundi Benedicto ndiye aliyeuliza.

"Nani amefiwa?"

Wote walimgeukia Ogola, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Hakuna msiba," alisema, kwa sauti yake ya mkutanoni, tulivu na ya kuaminika. "Mama Esta kichwa hakijatulia tangu ajifungue. Rudini ndani, ndugu zangu. Mtalowa bure."

Wapo waliomwangalia Dorka kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko maneno. Mwanamke mmoja alianza kumvua kanga yake iliyolowa, akimwambia pole, pole, twende ulale. Dorka alimtazama mumewe, akaelewa jinsi sauti ile ilivyosikika kwa mtu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta.  Mtoto kifuani pake alikuwa ameacha kutetemeka.

Waisiko alifunua kanga, akasogeza taa. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu.

"Katibu," alisema, "teremka uone mwanao."

Ogola alitazama kutoka mlangoni. Kisha akateremka, akapita kwenye tope na viatu vyake vya kazi, akafika, akaona. Nyuma yake nyumbani palikuwa na harufu ya nyasi iliyowafikia watu wote, na baadhi walifunika pua. Alipiga magoti.

"Mama yangu amekufa," alisema. "Anaitwa Aoko. Aliungua Agosti, chini ya Gorong'a, ndani ya nyumba niliyosema haina mtu. Nilikuwepo."

 Waisiko ndiye aliyeanza kulia, kwa Kikurya, na wanawake wengine wakapokea, Waikoma na Wanata na Wajaluo wawili wa idara ya kufulia, wakimlilia mtu ambaye hawakumwona kamwe. Wanaume walirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka Ogola akabaki peke yake katikati. Mvumo wa moto ukakatika ndani ya nyumba. Harufu ikaondoka na mvua. Chini ya kanga mtoto alivuta pumzi, akapata joto, akatafuta ziwa.

"Alfajiri nakwenda Gorong'a kuzika kilichobaki," Dorka alisema. "Utatangulia wewe, uonyeshe mahali. Kutoka hapo utakwenda kituo cha polisi, na mimi nitakwenda kwetu."

Ogola aliitikia kwa kichwa. Alinyoosha mkono kumgusa mtoto, akausimamisha njiani.

"Mwite kwanza," alisema Dorka. Mtoto akibeba jina la mzazi wako, kwao humwiti mwanangu tena, hadi siku ya kufa kwako. "Mwite kama unavyotakiwa kumwita."

Ogola akaurudisha mkono gotini.

"Mama," alisema Ogola.

Mtoto aliacha ziwa. Shingo yake ilikuwa bado haijakaza vizuri, lakini aliigeuza mwenyewe, polepole, hata akamwelekea. Hakulia, wala hakutabasamu. Alimtazama kama anavyotazama mtu aliyengoja jibu muda mrefu na ana muda mwingine wa kungoja. Dorka aliona. Alikuwa amemwokoa binti yake, na kwa jina lilelile alikuwa amemgawana na Aoko. Akamfunika uso kwa kanga, akamgeuzia upande wa pili, na mtoto akaurudisha uso wake palepale.