Mwisho wa Filamu ya Lamonti

Foleni ya kuingia kwenye ghala la Mustapha, lililogeuzwa ukumbi wa sinema, ilifika hadi sokoni Jumamosi ile alasiri, mwaka 1975. Bariadi nzima ilitaka kuona filamu ya nane ya jasusi Lamonti. Generoza, opereta wa simu na mhudumu wa kaunta pale posta, alivaa gauni la krimplini la rangi ya chungwa na viatu vya raizoni vya soli nene, na kiatu kimoja kikamkanyaga kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Dada, unaniua kabla sijamwona Lamonti!"

"Pole, kaka. Na wewe umenisogelea mno."

Kijana akacheka. Aliitwa Marcelo, karani wa chama cha ushirika Nyashimo. Suruali ya bugaluu yenye miguu mipana, nywele za afro zilizochanwa zikachanika. Walikaa pamoja juu ya magunia. Filamu ikiwa imenoga, lori la pamba likapiga honi nje.

"Ndio usafiri wangu huo," alinong'ona. "Jumatatu nitakupigia uniambie ilivyoisha."

Alipiga kweli.

"Mwangaluka, mrembo," alimwamkia kwa Kisukuma. "Lamonti kapona?"

"Huyo hafi! Lakini sikiliza. Zile mbio juu ya mapaa zimezishinda filamu zote saba za nyuma. Na adui safari hii ana sababu, kijiji chake kilichomwa, unamwona anaumia. Kasoro ni yule mwanamke. Anajua lugha nne, anaendesha ndege, halafu mwishoni wanampa kazi ya kupiga mayowe! Na msaliti anasamehewa kwa tabasamu tu. Nani anasamehe hivyo?"

"Rudia hapo, polepole."

Generoza alidhani kijana anapenda tu kuisikia sauti yake.

Kwa miezi miwili simu za Nyashimo hazikukoma. Jumamosi Marcelo alikuja, wakanywa soda, wakataniana, akaahidi kumpeleka Nassa kwa wazazi wake. Kisha siku moja Nyanjige, mwenzake wa kaunta, akamwekea gazeti mbele. "Uzuri na Udhaifu wa Filamu Mpya ya Lamonti." Chini yake, jina la Marcelo. Mapaa, lugha nne, mayowe, hata lile swali lake la mwisho, yote yalikuwemo. Jina la Generoza halikuwemo.

Hakulia. Marcelo alipopiga, Generoza alimwita mpenzi kwa sauti tamu kuliko siku zote, akasubiri nafasi yake.

Siku ya tisa ikaingia simu ya mhariri kutoka Dar es Salaam, akimtaka Marcelo. Generoza alijua opereta anayeingilia maongezi ya watu anaweza kufukuzwa. Akawaunganisha, akabaki kwenye waya.

"Makala yako imependwa sana, kijana. Nataka uniandikie kila mwezi."

"Nashukuru, mzee. Mimi filamu huwa naitazama kwa makini..."

"Samahani, mhariri," Generoza akaingilia. "Muulize msaliti alisamehewa wapi."

"Nani huyo?"

"Opereta wa Bariadi. Muulize."

"Kwenye... daraja?" Marcelo alisema.

"Jikoni, akila tambi. Huyu aliondoka na lori kabla ya mwisho. Maneno yote ni yangu, aliyanakili kwa simu hii hii."

Akachomoa plagi. Barua ya onyo kutoka kwa mkuu wa posta ilipokuja, aliisaini huku akitabasamu.

Wiki tatu baadaye Marcelo alisimama kaunta, vumbi la barabarani mpaka kwenye kope, gazeti mkononi. Humo alikuwa ameandika masahihisho: makala ile ni ya Generoza wa Bariadi, yeye aliiba.

"Nyashimo nzima wananiita Jasusi," alisema.

"Vizuri."

"Niliona jina langu gazetini nikalewa, Gene. Kila siku nilitaka kukuambia."

"Nilifurahi ulivyoaibika. Nataka ulijue hilo."

"Najua."

"Na sijakusamehe."

"Sikuja kudai msamaha. Mzee wangu yuko tayari kuleta barua ya posa. Ukisema asije, hatakuja."

Generoza aliwahudumia wateja wote waliokuwa nyuma ya Marcelo, mmoja mmoja, hadi yule mama wa mwisho aliyetaka stempu. Marcelo hakuondoka.

"Mwambie aje," akasema mwishowe. "Nitajibu nikitaka."

"Lini?"

"Utangoja."

Marcelo akatoka asijue kama amekubaliwa au amehukumiwa. Generoza naye hakuwa na haraka ya kumwambia.