Kadi Iliyolijua Jina la Kokwijuka

Asubuhi ile kompyuta ilimsalimia Vestina kwa jina la mwanawe, na hapo ndipo angeing'oa kadi yake na kuitumbukiza chooni. Hakufanya hivyo. Nani angefanya? Wateja walikuwa wamejaa barazani na vyeti vyao mkononi, na steshenari pale Isingiro ilikuwa ni hiyo hiyo moja.

Siku iliyotangulia diski ya mashine ilikufa. Fundi Dastan alikuja na pikipiki kutoka Kihanga, akafungua, akaguna, kisha akatoa kadi ya memori ndogo kama ukucha. Alisema aliitoa kwenye simu mbovu isiyo na mwenyewe, akaingiza humo Windows nzima. Akaichomeka ubavuni mwa mashine, na kioo kikawaka.

"Sasa inaendeshwa na kadi tu, mama," alisema. "Ila ukiizima inasahau kila kitu. Kila asubuhi itakuuliza jina upya. Kazi za wateja weka kwenye flashi yako."

"Niandike jina gani?"

"Lolote. Weka la mtu ambaye huwezi kumsahau."

Basi Vestina akaandika Kokwijuka. Ni binti yake wa pekee, miaka tisa, na jina hilo alipewa na bibi yake. Kwa Kinyambo ndani yake mna maana ya kukumbuka. Jamani, kati ya majina yote ya dunia hii, akaenda kuandika hilo!

Na sasa kadi iliyoapiwa kwamba haikumbuki kitu ilikuwa imekumbuka. KARIBU KOKWIJUKA, kioo kiliandika bila kuuliza, na duka zima likanuka nywele zinazoungua. Vestina alikagua nyaya, hakuona kitu, akaendelea kutoa kopi.

Saa kumi na mbili jioni alizima, akaenda nyumbani. Alimkuta Kokwijuka jikoni ameshika kisu, ndizi zimemzunguka, hata moja haijamenywa.

"Mama, hivi hizi zinamenywaje?"

Mtoto wa Karagwe na Kyerwa, kwenye migomba hadi mlangoni, anauliza ndizi zinamenywaje! Vestina alicheka, akamwita mvivu, akamenya mwenyewe.

Kesho yake kwenye kioo palikuwa na faili ambalo hakulitengeneza yeye: KUMENYA NDIZI. Alilitazama mpaka mteja akamgutusha. Siku iliyofuata likaja la pili, NJIA YA SHULE, na kabla ya saa nne mwalimu alimleta mtoto dukani kamshika mkono, maana alimkuta amesimama katikati ya mibuni akilia, hajui aende wapi, yeye aliyeipita njia ile tangu chekechea. Vestina alimlaza kwenye mkeka nyuma ya kaunta.

Kesho yake la tatu liliitwa KICHEKO. Alilifungua. Mashine ile haikuwa na spika, nakwambia, haijawahi kuwa nayo, lakini kikatoka kicheko cha Kokwijuka, chote, kile cha kukatika pumzi anapotekenywa, na nyuma yake kikasikika kitu kikitafuna polepole.

Akaidaka kadi aing'oe. Papo hapo mtoto, ambaye siku hiyo hakumpeleka shule na alikuwa ametulia mkekani, alipinda mgongo na kupiga yowe, macho yakabaki meupe, na Vestina akaiachia kadi, akamkumbatia huku akitazama kioo juu ya kichwa cha mtoto, ambako maneno yalikuwa yanajiandika yenyewe.

NIMEISHI MIAKA NISIKOKUMBUKWA. UMENIPA JINA. USIISHIKE KADI TENA. UKIZIMA LEO, NACHUKUA MAMA.

Chini yake faili tupu lilishafunguliwa na kuandikwa hivyo: MAMA.

Ilikuwa saa tisa mchana, wingu jeusi limeziba upande wa Rwanda, na kila mtu pale anajua mvua ikianza tu umeme unakwenda, na umeme ukienda mashine inazimika, iwe umetaka au hukutaka. Vestina alitoka barazani akapiga kelele hadi Mama Niyonsaba, anayeombea watu waliopagawa, akavuka barabara mbio na rozari shingoni.

"Shikamoo, mama. Mwanangu ananitoka."

"Marahaba." Yule mama alinusa hewa mlangoni, akarudi nyuma hatua moja. "Mh! Hiki hakina kwao. Kimeingia kwenye jina la mtoto kama mtu anavyoingia nyumbani kwake. Nani alikikaribisha?"

"Mimi," Vestina alinong'ona. "Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu. Kimo kwenye kadi ile ubavuni mwa mashine."

"Nyamaza, usilie, kinasikia."

Mama Niyonsaba akapiga magoti kando ya mkeka, akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti, na kadiri alivyosali ndivyo harufu ya nywele ilivyozidi na mabati yalivyoanza kugongwa na matone ya kwanza na taa ikapepesa mara moja, mara mbili, na mtoto akawa anamtazama Vestina kwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi huyu mwanamke, mpaka Vestina akairukia kibodi na kuandika: NIFANYEJE?

NIPE JINA LINGINE, kikajibu. LENYE VINGI VYA KUKUMBUKA.

Hakufikiri. Akalifuta la mwanawe, akaandika VESTINA.

Mafaili yakatoweka moja moja, kisha likafunguka jipya, tupu: MWANANGU. Nyuma yake Kokwijuka alivuta pumzi ndefu, akaketi, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto aliyeamshwa vibaya. Mama Niyonsaba, macho bado yamefumbwa, alisikia kilio hicho akajua ameshinda.

"Toka!" akapaza sauti, akapapasa ubavuni mwa mashine, akaing'oa kadi na kuitupa kwenye jiko la mkaa lililokuwa likiwaka barazani. Kioo kikawa cheusi. Kadi ikapasuka, ikanywea, na harufu ikakatika kabisa. "Asante Mungu! Umeona, Vestina? Kimekwenda!"

Mtoto akakimbia akamshika Vestina kiunoni.

"Mama, twende nyumbani. Nina njaa."

Vestina akamtazama. Mtoto mzuri, gauni lake limechafuka, amelia. Mvua kubwa namna hii na wazazi wake wamemwacha njiani. Akamfuta machozi kwa kiganja.

"Usilie, mwaya," akamwambia kwa upole. "Umetumwa na nani?"