Sindano, Upo?

– Umeikata kanda yangu!

– Nimeisafisha tu, Sindano. Kelele zilikuwa nyingi mno.

– Kelele? Sauti ya mtu ndiyo unaiita kelele?

Fundi redio akajifanya anatafuta bisibisi, kumbe anayo mkononi.

Kanda ilikuwa ya marehemu mume wa Sindano, mpuliza saksafoni. Jazi yake ilikuwa na bluzi ndani, ile ya kukuliza huku kichwa kinatikisika chenyewe. Jioni akipuliza sebuleni, mkewe akishona, cherehani nayo ikafuata mdundo mpaka pindo za suruali za watu zikaenda upogo. Raha iliyoje!

Lakini siku aliyorekodi kanda hiyo walikuwa wamenuniana. Kabla ya kupuliza aliita: “Sindano, upo?” Mkewe akamsikia vizuri tu, akanyamaza. Wiki haikuisha, mume akafariki. Miaka sita sasa, kila akiicheza kanda, mwito ukifika huitikia peke yake chumbani: “Abee, mume wangu.”

Kanda ilipokwama akampelekea fundi, mchumba wake. Harusi ni Jumamosi. Leo saksafoni inaimba safi, ila mwito haupo.

– Niambie ukweli, – Sindano akasema.

– Wivu. Nilikusikia ukimwitikia. Yeye maiti anapata “abee”. Mimi mzima nikikuita, unaniambia “nini?”

Sindano akabeba kanda yake, akatoka bila kuaga. Baadaye simu ya fundi ikalia, ujumbe: “Umemuua mara ya pili. Harusi basi.”

Fundi alipiga mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Asubuhi akabisha hodi, macho mekundu, bahasha mkononi. Ndani mna kipande cha utepe, urefu wa shibiri.

– Sikukitupa. Ningewezaje? Nipe dakika kumi nikiunge, kisha nitaondoka.

– Unga, uende.

Akaunga pale pale kwenye meza ya cherehani. Akaitia kanda redioni, akabonyeza. Utepe ukakwaruza, kiti kikalia, halafu ile sauti nzito ikajaa chumba:

“Sindano, upo?”

Sindano akafungua kinywa. Neno halikutoka. Miaka sita hajawahi kukwama. Machozi yakamtangulia, na redio ikabaki kimya, inangoja, kama siku ile ile.

Fundi akainama karibu na redio.

– Yupo, kaka, – akasema taratibu. – Alikusikia. Hasira tu zilimshika.

Saksafoni ikaanza. Sindano alilia wimbo mzima, na mguu wake ukawa unakanyaga pedali ya cherehani isiyo na nguo.

Wimbo ulipokwisha, fundi akafunga mkoba wa vifaa, akavaa viatu. Mlangoni akasita, akaita bila kugeuka, kwa woga wa mtu asiyetegemea jibu:

– Sindano?

Nyuma yake:

– Abee.