Mwambie Ilikuwa Ndoto

Haya alinieleza fundi wangu wa cherehani, mwaka ule niliofiwa na mzee wangu, baba watoto wangu, nilipokwenda kupimwa nguo za msiba. Nusu alinieleza siku ya vipimo, nusu siku ya kuchukua nguo. Ya upande wa mwanamume aliyapata kwa kinywa cha mwanamume mwenyewe, asubuhi moja tu. Pale nilipoongeza langu ni kwa sababu nimeishi na mvuta sigara miaka mingi, najua walivyo.

Ilianza Jumamosi, stesheni ya treni, saa tatu asubuhi. Treni imechelewa, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, mabegi kichwani, watoto mgongoni. Fundi alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, amevaa gauni jipya la rangi ya maziwa, mikono mirefu, kazi yake mwenyewe ya wiki mbili. Treni ilipoingia watu wakasukumana, akahisi joto kwenye mkono, kisha harufu ya kitambaa kinachoungua. Akageuka. Nyuma yake kijana mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka, lakini kucha zote zina wino mweusi. Sigara ameiinua juu ya kichwa, kama anayeogopa itamuunguza yeye.

"Kaka, umenitoboa."

Kijana akatazama lile tundu, dogo kama punje ya pilipili manga, akaomba radhi mpaka ulimi ukamchanganyikia. Akasema atalipeleka gauni kwa fundi mzuri, leo hii hii.

"Fundi mzuri ndiye unayeongea naye," akamwambia. "Na gauni hili ndilo tangazo langu. Sasa niwaambie wateja nashona na matundu?"

Kijana akauliza afanye nini basi. Binti akakunjua kiganja, akadai ile pakiti. Akapewa, akaitia mkobani. Wakati huo treni imeshaondoka, imewaacha wote wawili wamesimama kama mizigo iliyosahauliwa.

Jumatatu kijana alijitokeza dukani kwake na shati lisilo na kifungo. Fundi akaligeuza, akautazama uzi, akamwambia kifungo hiki hakikukatika, kimekatwa kwa wembe. Kijana akasema kweli, lakini kilikatwa kwa ridhaa yake. Fundi akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Gauni la maziwa lilikuwa limetundikwa ukutani, na palipokuwa na tundu alikuwa ametarizi jani dogo la kijani, moja tu. Kijana akaliona, akasogea kulitazama.

Alikuwa mpiga chapa wa magazeti. Huingia kazini jua likizama, hutoka kukipambazuka, kisha hulala mchana, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia mwanga. Wenzake walimwita Wino, naye fundi akamwita Wino. Yeye alimwita Fundi tu, lakini kwa namna alivyolitamka, mama yake fundi aliyekuwa akisikia kutoka chumba cha nyuma alisema hajawahi kusikia kazi ya mtu ikiitwa kwa utamu hivyo.

Miezi minane ikapita, Wino akataja ndoa. Fundi akaweka mkasi chini. Akamweleza habari za baba yake, aliyevuta miaka thelathini, na mwaka wa mwisho hakuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kukaa njiani. Yeye ndiye aliyefua mashati yake. Baba alipokwisha kuzikwa, mashati bado yalinuka moshi, na sabuni haikufua dafu.

"Sikukatai wewe, Wino. Nakataa moshi. Siwezi kuyafua mashati hayo mara ya pili." Kisha akaongeza, "Ukiteleza niambie. Kuteleza nitasamehe. Uongo sisamehe. Baba alikuwa akituambia ameacha."

Wino akaacha. Kule kiwandani mashine ikiwashwa, karatasi za kwanza hutoka na madoa. Msimamizi huinua moja kwenye taa, huitazama, na asipoona doa husema, "Safi." Hapo ndipo mashine huachiwa ichape. Wino akalichukua neno hilo. Kila alfajiri akitoka kazini humpigia simu.

"Fundi."

"Naam, Wino."

"Safi."

Basi, wamemaliza, anakwenda kulala. Siku nyingine huongeza kidogo, kwamba safi lakini ametafuna penseli mbili. Fundi humwambia tafuna, mpenzi, penseli haina moshi. Miaka miwili hivyo, hakuna alfajiri iliyokosa neno lake. Wazee wa pande mbili wakakutana, siku ikapangwa. Fundi akaanza kushona gauni la harusi kidogo kidogo, na ndani ya mkono wake, mahali asipoona mtu, akatarizi jani.

Zikiwa zimebaki wiki tano, Alhamisi moja alfajiri ilipita kimya. Kumbe mashine ilikuwa imeharibika, Wino akabaki kuitengeneza mpaka saa nne asubuhi, na simu ikamzimikia mfukoni. Alifika chumbani kwake, akaichomeka kwenye umeme, akaiwasha, na kabla hajapiga akaanguka kitandani na viatu. Fundi hakujua hayo. Alikaa kwenye cherehani, kila mshono unakwenda upande. Saa sita mchana akashindwa kuvumilia, akapiga. Simu ikalia sana, kisha ikapokelewa. Akasikia pumzi.

"Wino? Safi?"

Ikaja sauti ya chini, sauti ya mtu anayelia.

"Si safi, Fundi. Nimevuta. Nimevuta yote."

Ikakatika.

Alikaa na sindano mkononi kwa muda asioujua. Halafu akainuka, kwa sababu alikuwa ameahidi kwamba kuteleza atasamehe, na yeye si mtu wa kugeuza maneno. Akanawa uso, akavaa gauni la maziwa lenye jani, akanunua mkate wa moto, akaenda.

Saa tisa alimkuta Wino mlangoni anapiga mswaki, uso umejaa furaha ya kumwona. Kabla Fundi hajaketi akaanza kumsimulia habari za mashine, akasema simu ilizima, asimkasirikie, leo neno limechelewa tu. Safi.

Fundi akamwuliza kama hakuna alilomwambia saa sita kwenye simu. Wino akasema saa sita alikuwa amelala fofofo.

"Niambie tu, mpenzi. Nimekuja kukusamehe."

"Unisamehe nini?"

"Kuvuta."

"Sijavuta."

Akamwuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kurudisha alichokichukua. Wino akajibu vilevile. Mara ya tatu akajibu kwa hasira, maana naye ana moyo, penseli alizozitafuna anazijua mwenyewe.

"Basi umekuwa kama baba," Fundi akasema. Akauweka mkate kwenye kizingiti, akaondoka.

Baadaye Wino alitazama simu yake, akaona kweli saa sita ilipigwa na ikapokelewa, sekunde arobaini. Akakaa kitandani akijiuliza nani aliipokea. Hakukumbuka chochote. Mtu ataombaje msamaha kwa neno asilojua amelisema?

Ndoa ikavunjwa. Fundi akalifumua gauni la harusi mshono kwa mshono, kitambaa akakifanya bitana za makoti ya watu. Akamwambia mama yake, yule akija, asiingie.

Miezi minne baadaye, mchana, Wino alijiona yuko stesheni. Amewasha sigara, moshi unashuka mtamu kama zamani, na mbele yake binti wa gauni la maziwa anakaribia kugeuka. Akazinduka, ladha iko mdomoni, akanusa vidole. Akajisikia anasema kwa sauti chumbani peke yake, "Nimevuta." Hapo akajua ni nani aliyepokea simu.

Alitoka mbio mpaka dukani kwa Fundi, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna. Fundi alikuwa amekwenda kununua uzi. Mlangoni alisimama mama, mtu mpole, lakini ameagizwa asimwingize, na hakumwingiza. Wino akasema hana maneno mengi.

"Mwambie ilikuwa ndoto tu, mama. Ataelewa."

Mama yule alikuwa mwaminifu. Hakupunguza, hakuongeza. Fundi aliporudi akaambiwa, "Amekuja. Amesema ilikuwa ndoto tu. Amesema utaelewa."

Na akaelewa. Akaelewa kwamba miaka miwili ya alfajiri, jani la kijani, siku iliyopangwa na wazee, kwa Wino vyote vilikuwa ndoto, na sasa ameamka. Akabadilisha namba ya simu. Akahamisha cherehani na mama yake, wakavuka mji wote kwenda mtaa mwingine, mtaa wetu. Wino alingoja jibu mwaka mzima. Kimya kile akakihesabu ndilo jibu.

Miaka sita ikapita.

Hapa ndipo mzee wangu alipoingia, naye hakujua ameingia. Alikuwa ameanza kukonda, suruali zinamteremka, akazipeleka zipunguzwe kiuno. Mzee wangu alikuwa mtu wa maneno, ukimshika kiuno kumpima anakusimulia maisha. Akamwambia fundi kwamba ameacha sigara mwaka wa kumi na moja huu, lakini juzi usingizini amevuta pakiti nzima, akaniamsha kuniomba radhi, "Mama watoto, nisamehe, nimevuta," nami bila kufumbua macho nikamjibu, "Uko kitandani, baba, lala." Ni kweli nilimjibu hivyo. Nimemjibu hivyo mara nyingi.

Chaki ikamwanguka fundi. Akauliza kama walioacha huota hivyo.

"Wote, mwanangu. Hata miaka ishirini. Na ukizinduka unaapa umevuta kweli."

Akauliza tena, je, mtu katika hali hiyo anaweza kupokea simu akazungumza? Mzee akacheka, akasema yeye amewahi kuzungumza na bosi wake aliyekwisha kufa, sembuse simu. Jioni alirudi nyumbani akilalamika kwamba fundi amefunga duka mapema, na suruali hajazigusa.

Fundi alikwenda kwanza kwa mama yake, aliyekuwa amezeeka, akachuchumaa mbele ya kiti chake. Akamwuliza siku ile Wino alisema nini hasa. Mama akarudia neno kwa neno, kama jana. Akauliza kama alikosea.

"Hapana, mama. Ulifikisha sawasawa."

Alfajiri iliyofuata alikuwa kwenye lango la kiwanda, shali mabegani. Wapiga chapa wakatoka wawili watatu. Wino akatoka wa mwisho, amenenepa kidogo, mvi juu ya masikio, kucha zilezile. Alipomwona alisimama. Wakaenda kwenye benchi la muuza chai, wakapewa vikombe, hakuna aliyekunywa.

"Mama aliniambia," Fundi akasema. "Ilikuwa ndoto tu. Mimi nikadhani unatusema sisi."

Wino alichelewa kuelewa. Kisha akaelewa, akakiweka kikombe chini taratibu, kama kimejaa kupita kiasi.

"Nilidhani umesikia, ukakataa."

Fundi alikuwa amekuja na ombi moja, amelirudia usiku kucha: kama kuna nafasi, amrudie. Lakini jicho la fundi halipumziki. Kifungo cha pili cha shati la Wino kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na si kazi ya fundi. Mizunguko mingi ya uzi kupita haja, imekazwa, kazi ya mtu anayetaka kisianguke kabisa. Akalimeza ombi lake kabla Wino hajafungua mdomo. Wino akasema akitazama kucha zake: ameoa, mwaka wa nne sasa. Wana binti wa miaka miwili. Mkewe ni mwema.

"Naona," Fundi akasema. "Anajua kukaza kifungo."

Fundi akamwuliza kama bado anaota.

"Bado. Ni palepale stesheni. Nakutoboa mkono, unageuka, naamka."

"Na mkeo?"

"Huniuliza nimeota nini. Namwambia sigara."

"Hujamdanganya."

"Sijamdanganya," Wino akasema. "Lakini sijamaliza."

Akamwuliza la mwisho, kama amewahi kuvuta tangu siku ile. Akajibu hata moja.

"Hata nilipokuacha?"

"Uliponiacha ndiyo kabisa. Ningevuta, ungekuwa umesema kweli."

Hapo Fundi akalia, bila kujificha, na muuza chai akajifanya anasugua birika. Alipokwisha kujifuta akasimama, akamwomba msamaha kwa maneno mawili. Akamwambia aende akalale, anangojwa. Amepiga hatua chache akaitwa.

"Fundi."

"Naam, Wino."

"Safi."

Akageuka, akajibu. "Nimesikia. Leo nimesikia."

Nadhani Wino alifika kwake, mkewe ameshatundika blanketi dirishani, mtoto ameambiwa acheze kimyakimya. Alilala kabla ya kuvua kiatu cha pili, mkewe ndiye aliyekivua.

Fundi hakufungua duka. Alitoa gauni la maziwa kutoka chini ya vitambaa, akalijaribu, likakataa mabegani. Akalivua, akalikunja hadi jani likabaki juu. Mama alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi. Saa ilipofika sita mchana, ileile aliyompigia siku ile, akaishika simu, akaikodolea macho, kisha akaizima. Akajilaza juu ya marundo ya vitambaa, chini ya meza ya kukatia, akaweka shavu juu ya lile jani. Barabarani watu wanapita, pikipiki zinalia. Hakujua usingizi ulimchukua saa ngapi.