Bibi Ghitl na Tumbo Lisilotajwa

Mtaa mzima uliliona tumbo la Mirel. Liliingia dukani kwanza, Mirel akafuata. Lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe, tumbo hilo halikuwepo. Hivyo ndivyo Bibi Ghitl alivyoamuru.

Bibi Ghitl alikuwa bibi yake Lipa, mume wa Mirel. Ndiye aliyemlea Lipa na kumfundisha kuoka mkate. Alikuwa na miaka sabini na minne, na bado ndiye aliyepanga nani akae kiti gani.

Sisi Wayahudi wa mji huu wa kando ya mto Dniester hatununui kitanda cha mtoto kabla hajazaliwa. Hatuweki nguo zake nyumbani, hatutaji jina. Jicho baya lina masikio makubwa. Bibi Ghitl alikuwa ameongeza sheria yake: hata mkunga asiitwe mpaka uchungu uanze. Kumwita mapema, alisema, ni sawa na kupiga ngoma sokoni. Jirani akiuliza, jibu lilikuwa moja tu: Mirel anapenda viazi.

Mwezi wa nane wa mimba Mirel alianza kuvaa viatu vya Lipa, maana vyake havikumwingia tena. Miguu ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Asubuhi hata uso ulikuwa umejaa. Lipa alimtania kwamba amekula hamira ya duka zima. Mirel akacheka, kisha akatafuta pa kukaa.

Alhamisi Tsivia alikuja kununua mkate. Tsivia alikuwa mkunga aliyesomea hospitalini, na alikaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Aliutazama mkate, halafu akavitazama viatu. Aliuliza ni vya nani. Lipa akasema ni vyake, ila mkewe anavitembeza kidogo. Tsivia hakucheka. Aliomba kumwona Mirel chumbani.

Bibi Ghitl alisimama mlangoni, unga hadi viwikoni. Akasema humu ndani hamna mgonjwa wala mjamzito, na mkate umeshapoa, achukue aende.

"Bibi, mimi sijaleta kitanda," Tsivia alisema. "Sijaleta nguo wala jina. Hayo yatasubiri, na hakuna mtoto aliyekufa kwa sababu kitanda kilichelewa. Nimekuja kumwangalia mama. Hilo nalo limekatazwa?"

Bibi Ghitl alijipangusa unga. Kisha akasogea kumpisha.

Tsivia alimfunga Mirel mfuko wa kupimia presha mkononi. Akachukua mkojo kidogo kwenye kijiko, akaupasha moto, akatia tone la siki. Mkojo ukafanya utando mweupe, kama ute wa yai unaoanza kuiva. Akawaeleza polepole. Hili si jicho la mtu. Ni presha inayopanda kwa sababu ya mimba. Inaweza kumpata mwanamke yeyote, na mwanzoni huenda asihisi lolote. Ndiyo maana mama hupimwa tangu miezi ya mwanzo, hata akijiona mzima. Mirel alale, apumzike. Yeye atampima kila siku, na Jumapili wampeleke kwa daktari, safari ya saa mbili kwa gari la farasi.

"Lakini kuna mambo hayangoji Jumapili," alisema. "Kichwa kumuuma sana. Macho kuona vimulimuli. Maumivu chini ya mbavu. Damu. Mtoto kuacha kucheza. Kifafa. Mkiona hata moja, hospitali saa hiyo hiyo."

"Vimulimuli," Bibi Ghitl alisema. Akakaa kitandani.

Akawasimulia habari za dada yake Hinde, ambazo Lipa hakuwahi kuzisikia. Hinde alikuwa na mimba kubwa, akasema anaona nyota mchana. Walibandika karatasi za dua ukutani na kufunga madirisha. Hawakumwambia mtu. Hinde alizikwa na mtoto wake tumboni.

"Tulinyamaza vizuri sana," Bibi alisema.

Tangu saa ile nyumba ikawa na sheria mpya. Bibi Ghitl alikanda unga huku akizitaja dalili zile moja baada ya nyingine, Lipa akizirudia, na akisahau moja alianzishwa upya. Farasi alishwe vizuri. Gari likae uani. Nguo za Mirel zifungwe tayari. Za mtoto zikae kwa Tsivia, nje ya nyumba, na jicho baya likitaka likagonge huko.

Jumamosi, siku ya Sabato, walikuwa mezani mchana. Mirel aliweka kijiko chini. Alisema kitambaa cha meza kinametameta na kichwa kinampasuka.

Lipa alisimama, kisha akasita. Siku ya Sabato hatufungi farasi kwenye gari wala hatulipandi. Akasema atakimbia kwanza kumuuliza rabi.

"Rabi atakwambia uhai unaisukuma Sabato kando," Bibi alisema. "Halafu atakuuliza kwa nini ulipoteza muda kumuuliza. Funga farasi."

Lipa akafunga farasi.

Wanaume walikuwa barabarani wakitoka sinagogi. Walisimama kuliangalia gari. Mmoja akauliza kwa ukali wanakwenda wapi siku kama ya leo. Mirel alijifunika shali. Bibi Ghitl, ambaye miezi minane alilificha tumbo hilo, alisimama juu ya gari.

"Mke wa mjukuu wangu ana mimba," alisema, na sauti ikafika mwisho wa mtaa. "Presha imempanda, tunakwenda hospitali. Tupisheni."

Walipisha. Wawili wakasukuma gari kwenye mlima, wakiwa na makoti yao ya Sabato.

Hospitalini Mirel alichomwa sindano, na daktari akamzalisha jioni ile ile. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye kelele. Daktari aliwaambia kwamba wangengoja Sabato iishe, kifafa kingewahi. Baada ya wiki mbili mama na mwana walirudi nyumbani, wazima.

Kiangazi kilichofuata, Reizl, bibi harusi wa mwaka ule, alikaa upande wa wanawake sinagogi na shali nzito mpaka magotini, watu wote wakitoka jasho. Bibi Ghitl alihamia kiti cha pembeni yake. Hakumpongeza, maana mimba hatuipongezi. Hakulitazama hata tumbo.

"Tsivia anapima Jumapili asubuhi," alimwambia. "Nitakupitia saa mbili. Uwe umeshavaa."